Faili unayoteremsha Roret hupitia Mombasa: jinsi wizi wa kazi za sanaa unavyofuatiliwa mtandaoni

Kijana wetu mmoja, mzaliwa wa Kisauni, ana kibanda cha simu Roret, huko Bureti katika Kaunti ya Kericho. Huuza chaja na kubadilisha vioo vya simu, na kama ilivyo kwa vibanda vingi vya aina yake, huwatilia watu nyimbo na filamu kwenye memori kadi na flashi. Wakulima wakishalipwa bonasi ya majani chai, biashara hiyo huchangamka kweli kweli.

Juzi alinipigia simu sauti ikimtetemeka. Alikuwa amepokea ujumbe wa mtu aliyejiita afisa wa hakimiliki. Ujumbe ulisema mtambo umeinasa simu yake ikiteremsha filamu za wizi, na kwamba asipotuma shilingi 15,000 kwa nambari fulani kabla ya saa kumi jioni, atakuja kukamatwa. Akaniuliza, "Ami, kwani wanaona kweli ninachoteremsha?"

Swali lake ni la watu wengi, huko bara na huku pwani. Jibu fupi ni kwamba ndiyo, mara nyingine huonekana, lakini si kwa njia aliyoelezwa na yule tapeli. Jibu refu ndilo hili.

Chai hushuka, data hupanda

Tuanze na njia yenyewe. Majani ya chai yanayochumwa Kericho na Bomet hushuka hadi Mombasa, ambako mnada wa chai umekuwa ukifanyika tangu 1969 baada ya kuhamishwa kutoka Nairobi. Kila gunia lina alama ya kiwanda, uzito na nambari. Mnunuzi akitaka kujua chai imetoka wapi, karatasi zitamwambia.

Data nayo hupita njia hiyo hiyo kinyumenyume. Kabla ya 2009 Kenya ilitegemea setilaiti kupata intaneti, ikawa ghali na ya polepole. Mwaka huo nyaya za chini ya bahari za TEAMS na SEACOM zikafika pwani ya Mombasa, na EASSy ikafuata mwaka 2010. Tangu hapo sehemu kubwa ya filamu, nyimbo na picha zinazotoka ng'ambo huingia nchini kupitia ufuo wetu, kisha hupanda Nairobi na kuendelea hadi mnara wa simu ulioko karibu na shamba la chai.

Watu hudhani data haina karatasi kama gunia la chai. Hapo ndipo wanapokosea. Kila kifurushi cha data kina anwani ya kinakotoka na ya kinakokwenda. Hiyo huitwa anwani ya IP, na bila hiyo hakiwezi kufika. Ufuatiliaji wote tutakaoueleza hapa unaanzia kwenye anwani hiyo.

Torenti hufanyaje kazi?

Njia inayojulikana zaidi ya kugawana mafaili makubwa ni torenti. Mfumo wake, BitTorrent, ulibuniwa na Mmarekani Bram Cohen mwaka 2001. Mfumo wenyewe si haramu, maana kuna programu nyingi halali zinazosambazwa kwa njia hiyo. Neno liko kwenye kile kinachosambazwa.

Badala ya kuchukua filamu nzima kutoka seva moja, torenti huikata vipande vidogo vidogo. Anayeteremsha huchukua kipande hiki kwa mtu wa Brazil, kile kwa mtu wa India, na kingine kwa mtu wa Nairobi. Na hapa pana jambo ambalo wengi hawalijui: wakati unachukua, nawe unatoa. Vipande ulivyokwisha kuvipata simu au kompyuta yako huwagawia wengine papo hapo. Kisheria hilo ni zito kuliko kutazama peke yako, kwa kuwa sasa wewe ni msambazaji.

Ili vipande vifike, kila aliyemo kwenye kundi lazima azione anwani za wenzake. Ndiyo sababu ufuatiliaji wa torenti hauhitaji uchawi wala kudukua simu ya mtu. Kampuni iliyoajiriwa na mwenye filamu hujiunga na kundi kama mtu mwingine yeyote. Kisha huandika mambo manne: anwani ya IP ya kila aliyemo, nambari ya mlango anaoutumia, tarehe na saa mpaka sekunde, na alama ya utambulisho ya faili. Alama hiyo ni mfuatano wa tarakimu na herufi unaopatikana kwa hesabu kutoka kwenye faili lenyewe. Ukibadilisha jina la filamu ukaiita "mahubiri" au "somo la hesabu", alama haibadiliki.

Kutoka anwani hadi jina la mtu

Anwani ya IP haina jina wala kitambulisho. Inaonyesha tu kampuni gani ya intaneti iliitoa. Anayejua ilikuwa mikononi mwa mteja gani saa ile ni kampuni hiyo peke yake.

Kwenye intaneti ya nyumbani ya waya kazi hii ni rahisi kiasi, maana mara nyingi nyumba moja huwa na anwani moja kwa wakati mmoja. Kwenye simu mambo ni magumu zaidi. Anwani za zamani za IP zimekuwa haba duniani, hivyo kampuni za simu huwapanga wateja wengi nyuma ya anwani moja. Wakati kijana wetu wa Roret anateremsha wimbo, huenda anwani hiyo hiyo inatumiwa na mchuma chai wa Bomet na mwanafunzi wa Kericho. Ili kumtenga mmoja, kampuni lazima ijue mlango na sekunde, tena iwe bado imehifadhi kumbukumbu hizo. Bila hivyo anwani peke yake haithibitishi kitu.

Hata jina likipatikana, huwa ni jina la mwenye laini au aliyelipia intaneti. Ni nani aliyeshika simu wakati ule? Nyumba ya Kiswahili yenye WiFi moja, watoto sita na wageni wa Idd, nani aliteremsha? Mahakama mbalimbali duniani zimelikuta swali hilo na kuligeuza huku na huku.

Na ni nani mwenye haki ya kuiuliza kampuni? Si mtu yeyote tu. Kifungu cha 31 cha Katiba ya Kenya kinalinda faragha, pamoja na mawasiliano ya mtu. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 nayo inazibana kampuni zinazoweka taarifa za wateja. Chini ya Sheria ya Hakimiliki, kampuni ya intaneti hutoa utambulisho wa mteja kwa vyombo vya uchunguzi wa jinai, tena kwa wito wa kisheria. Mtu binafsi aliyekutumia ujumbe akitaja jina lako na kudai pesa hakulipata jina hilo kwa njia hiyo. Huenda amelitoa kwenye M-Pesa, ambako ukituma hata shilingi kumi jina hutokea.

YouTube, TikTok na WhatsApp

Vijana wengi siku hizi hawana habari na torenti. Wao hutumia YouTube, TikTok, Telegram na WhatsApp, na kila mahali pana mtindo wake.

YouTube ina mtambo uitwao Content ID, ulioanza 2007. Mwenye wimbo hupeleka nakala yake, na mtambo huchukua alama za sauti na picha, mfano wa alama za vidole. Kila video inayopakiwa hulinganishwa na alama hizo. Zikilingana, mwenye haki huchagua moja kati ya matatu: kuizuia video, kuiacha lakini achukue yeye pesa za matangazo, au kuitazama tu inavyokwenda. Hilo halimpi mpakiaji doa. Doa hupatikana pale mwenye haki anapopeleka ombi rasmi la kuondoa video. Madoa matatu ndani ya siku 90 yanaweza kuifunga chaneli nzima.

Afrika Mashariki ilishuhudia nguvu ya madai hayo mnamo Novemba 2019. Wimbo "Uno" wa Harmonize wa Tanzania ulitoweka YouTube baada ya mtayarishaji wa Kenya, Magix Enga, kudai kwamba mdundo wake umechukuliwa bila ruhusa. Baadaye wimbo ulirudi. Mabishano yalikuwa ya nchi mbili, lakini hakuna aliyepanda ndege kwenda mahakamani. Dai lilijazwa kwenye fomu, na video ikashuka.

WhatsApp ni kinyume chake. Ujumbe umefungwa kwa siri kutoka simu hadi simu, kampuni yenyewe haisomi kilichomo. Lakini usijidanganye. Kundi la watu mia mbili halina siri, maana mmoja wao akipiga picha ya skrini, nambari yako ya simu imo, na nambari hiyo imesajiliwa kwa kitambulisho chako.

Mechi za mpira zina hila nyingine. Wakati mwingine utaona nambari zikitokea ghafla kwenye skrini ya televisheni ya kulipia, kisha zikapotea. Nambari hizo hutambulisha king'amuzi. Anayeirusha mechi hiyo kwenye intaneti huwa amejitaja mwenyewe.

Sheria ya Kenya inasemaje?

Sheria ya Hakimiliki ya 2001 ndiyo msingi, na inasimamiwa na Bodi ya Hakimiliki ya Kenya, KECOBO. Haki ya mtunzi huanza pale kazi inapoandikwa au kurekodiwa, haingoji usajili. Usajili husaidia kuthibitisha tu.

Sheria hiyo ilirekebishwa mwaka 2019 ili iukute ulimwengu wa intaneti. Marekebisho yaliweka utaratibu wa notisi ya kuondoa. Mwenye kazi akiikuta mtandaoni bila ruhusa yake, huandika notisi yenye jina lake, anwani, sahihi, maelezo ya kazi yake na mahali hasa inapopatikana ile ya wizi. Kampuni ikipokea notisi iliyokamilika, humjulisha aliyeiweka, na inatakiwa kuizima kazi hiyo ndani ya saa 48 isipokuwa imeletewa notisi ya kupinga. Ikikaidi bila sababu ya maana, hubeba lawama ya hasara. Lakini anayepeleka notisi ya uongo naye anatenda kosa.

Sheria hiyo hiyo haizilazimishi kampuni za intaneti kukaa zikichungulia kila wateja wanachofanya. Kampuni inayopitisha data tu haihesabiwi kuwa mwizi, kama vile mwenye matatu hahesabiwi kuwa mwizi kwa sababu abiria wake alibeba mali ya wizi asiyoijua.

Utaratibu huo ulijaribiwa upesi. Mwaka 2019 MultiChoice Kenya, wenye haki za kuonyesha ligi kubwa za mpira, waliitaka Safaricom na Jamii Telecommunications kuzuia tovuti zilizokuwa zikirusha mechi bila kibali. Shauri likafika Mahakama Kuu. Mahakama hatimaye ikaamuru tovuti kadhaa zizuiwe. Katika shauri hilo aliyeandamwa si kijana aliyetazama mechi kwa simu yake. Lililoandamwa ni lango analopitia.

Hiyo ndiyo hali ya Kenya kwa jumla. Wanaoandamwa ni wauzaji, wasambazaji na tovuti, si mtazamaji mmoja mmoja. Ndugu zetu walioko Ujerumani wajihadhari, kwani huko mambo ni tofauti. Mawakili huandikia barua kaya ambayo anwani yake imeonekana kwenye torenti, wakidai mamia ya yuro, na mahakama huzitambua barua za namna hiyo. Anayehamia huko na mazoea ya hapa hupata barua kabla hajazoea baridi.

Kesi ya AY na Mwana FA

Wapo wanaodhani hakimiliki ni fimbo ya matajiri wa Marekani dhidi ya maskini wetu. Wangetazama Dar es Salaam. Wasanii AY na Mwana FA waliishitaki kampuni ya simu ya Tigo kwa kutumia nyimbo zao mbili kama milio ya simu bila ridhaa yao. Mwaka 2016 mahakama ya Ilala ikaamuru walipwe zaidi ya shilingi bilioni 2 za Tanzania. Hapo msanii wa Kiswahili alikuwa ndiye aliyeibiwa, na kampuni kubwa ndiyo iliyoamriwa kulipa.

Kenya nayo, katika marekebisho ya 2022, ikaandika kwenye sheria mgao wa pesa za milio ya simu. Msanii apate si chini ya asilimia 52, nusu na zaidi. Kabla ya hapo wasanii walilalamika miaka mingi kwamba wao huokota makombo.

Wimbo wa Kapkatet na nyimbo za Mvita

Karibu na Roret pana Kapkatet. Mwaka 1950 Hugh Tracey, aliyekuwa akizunguka Afrika na mitambo ya kurekodi, alifika hapo akarekodi nyimbo za Wakipsigis. Mmoja, "Chemirocha", uliimbwa na wasichana. Jina lenyewe limetokana na Jimmie Rodgers, mwimbaji wa Marekani ambaye santuri zake zilikuwa zimefika kwenye vijiji hivyo pamoja na gramafoni. Rekodi zilihifadhiwa Afrika Kusini, zikasikizwa duniani kote, na leo zimo mtandaoni. Miaka ya 2010 watafiti na wanamuziki wa Kenya walishirikiana na hifadhi hiyo kuzirudisha nakala kwa wenyewe, zaidi ya miaka sitini baada ya kurekodiwa.

Sheria ya Kenya huipa rekodi ya sauti ulinzi wa miaka 50. Kwa hesabu hiyo rekodi ya 1950 ulinzi wake umekwisha zamani. Lakini wimbo wa jadi ni urithi wa jamii, na Sheria ya Kulinda Maarifa ya Jadi na Sanaa za Kitamaduni ya 2016 imeweka haki za jamii ambazo hazipimwi kwa miaka ya santuri. Mtu asione wimbo wa zamani akadhani hauna mwenyewe.

Sisi wa pwani hilo latuhusu moja kwa moja. Nyimbo za marehemu Juma Bhalo ziko YouTube kwenye chaneli chungu nzima. Yeye alifariki 2014. Haki za mtunzi wa muziki hudumu miaka 50 baada ya kufa kwake, kwa hiyo tuni alizozitunga yeye zina wenyewe hadi mwisho wa 2064. Maneno ya nyingi kati ya nyimbo zake yalikuwa mashairi ya Ahmad Nassir, na maneno hayo yana haki yake mbali. Rekodi nayo ina haki ya aliyeirekodi. Wimbo mmoja, wenye haki watatu. Anayepakia kanda ya harusi ya zamani na kuvuna pesa za matangazo, je, amewauliza warithi? Na warithi, je, wanajua wana nini mkononi?

Ukipokea ujumbe, ukiibiwa

Nilimpa kijana wetu maneno haya, nami nakupa wewe msomaji.

Ukipokea ujumbe wa vitisho, usitume pesa. Adhabu ya sheria haitozwi kwa ujumbe wa simu na nambari ya mtu binafsi. Uhifadhi ujumbe na uripoti polisi.

Akija mtu dukani akisema ni mkaguzi wa hakimiliki, muombe kitambulisho chake cha kazi. Sheria inamtaka mkaguzi aonyeshe hati ya mamlaka yake. Akiionyesha, usishindane naye wala usifute mafaili mbele yake. Muombe orodha iliyotiwa sahihi ya vitu atakavyovichukua. Na asiwepo wa kupokea wala kutoa "chai" hapo.

Usitegemee kwamba VPN itakuokoa. Huificha anwani yako kwa wengine, lakini haigeuzi mali ya wizi kuwa halali, na haimfichi mwenye duka ambaye flashi zimejaa mezani kwake. Kwa muuza duka, ushahidi haumo hewani, umo kwenye kompyuta yake.

Na kama wewe ndiye uliyeibiwa, weka kumbukumbu: faili la awali lenye tarehe, mikataba, majina ya walioshiriki. Jisajili na KECOBO. Piga picha ya ukurasa unaoonyesha kazi yako, andika kiungo chake kamili, kisha peleka notisi. Kiungo kikikosewa herufi moja, notisi haina kazi.

Sheria pia ina nafasi ya matumizi ya haki: utafiti, matumizi ya binafsi, uhakiki, na habari za matukio ya sasa kwa kumtaja mwenye kazi. Mwalimu anayenukuu na mwandishi anayehakiki wasiogope. Kuuza nakala kwa shilingi ishirini ishirini haimo kwenye nafasi hiyo, hata bei iwe ndogo namna gani.

Kijana hakutuma zile elfu kumi na tano. Saa kumi ikapita, hakuna aliyekuja. Lakini hakulala vizuri, kwa sababu alijua tapeli alikuwa amemshika penye jipu. Nilipomuuliza filamu zake amezipata wapi, alinyamaza.

Sasa anajaribu njia nyingine. Amezungumza na waimbaji wawili wa huko wanaoimba kwa Kikalenjin. Yeye atauza nyimbo zao kwa ridhaa yao, kwa maandishi, na kila Jumamosi huwatumia fungu lao. Faida ni ndogo kuliko ya zamani, hakunificha. Filamu za ng'ambo bado watu huziulizia kila siku, na kibanda cha jirani bado kinaziuza. Kama atavumilia hadi bonasi ijayo, Mungu ndiye ajuaye. Ila simu ikilia siku hizi, aniambia, huipokea bila kutetemeka.